Ganda la kitunguu, gome la tendwet na mwale wa leza

Mama anayeuza vitunguu katika soko la Kapsokwony hakipangi kitunguu mezani kabla ya kukifikicha kwa kidole gumba. Ganda la nje, lile jembamba la rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hupasuka kwa mlio mkavu, hudondoka miguuni, na upepo wa Mlima Elgon hulisukuma hadi mtaroni. Kufikia jioni mtaro umejaa. Hata mbuzi hulipita.

Ganda hilo lina kemikali iitwayo kwesetini, tena kwa wingi kuliko sehemu ya ndani tunayoikaanga. Mwaka 2013, timu ya Christoph Borchers katika Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, ilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kwesetini na jamaa zake wa kundi la flavonoidi zinafaa kutumika kama matriksi, yaani ule unga unaopulizwa juu ya kipande cha nyama au jani ili mashine iweze kuchora ramani ya molekuli zilizomo. Mwaka uliofuata timu hiyo ilitumia kwesetini kuchora ramani ya mafuta yaliyomo ndani ya tezi ya adrenali ya nguruwe. Hawakuiokota mtaroni, bila shaka. Walitumia iliyosafishwa na kutiwa kwenye chupa. Lakini molekuli ni ile ile. Na ukiipitia orodha ya vitu vingine vya asili vinavyofanya kazi hiyo, utadhani umeshika orodha ya mazao ya nyanda hizi: asidi ya kafeiki, ambayo mbuni huihifadhi kwa wingi ndani ya punje zake, asidi ya feruliki, iliyojaa kwenye pumba za mahindi ambazo Kitale huzalisha kwa malori, kurkumini, ile inayoyapa manjano rangi yake, na asidi ya sinapiniki ya mbegu za haradali.

Fundi wa maabara huko Ulaya au Marekani huzipima kemikali hizi kwa miligramu kila asubuhi. Huku kwetu tunazikanyaga. Kabla hujakimbilia kusema kwamba tumelalia utajiri, nisikilize kwanza, maana utajiri wenyewe hauko pale unapodhani.

Picha isiyohitaji kamera

Maabara ya kawaida ikitaka kujua kilichomo ndani ya jani, hulisaga. Inapata jibu la kiasi: kuna gramu kadhaa za hiki, na chembe za kile. Kinachopotea ni mahali. Ukishasaga, huwezi tena kujua kama sumu ilikuwa kwenye ganda au kwenye kiini, wala kama dawa iliingia kwenye uvimbe au iliishia pembeni.

Upigaji picha kwa spektrometria ya masi ulibuniwa ili kuliokoa hilo. Richard Caprioli na wenzake nchini Marekani waliuonyesha ulimwengu mbinu hiyo mwaka 1997. Sampuli hugandishwa, kisha hukatwa vipande vyembamba vya mikromita 10 hadi 20. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo kipande hicho ni chembamba kuliko unywele mara kadhaa, na anayekinyanyua hukinyanyua kwa brashi huku amezuia pumzi. Hulazwa juu ya kioo kilichopakwa tabaka linalopitisha umeme. Halafu matriksi iliyoyeyushwa hupulizwa juu yake kama ukungu, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka huachwa likauke hadi fuwele ndogo zitapakae kipande chote.

Kioo huingizwa ndani ya mashine, hewa ikanyonywa. Mwale wa leza hupiga nukta moja. Fuwele za hapo hulipuka na kuwa mvuke, zikibeba molekuli za nyama au jani zilizokuwa zimechanganyika nazo, nazo hupata chaji ya umeme. Umeme huzisukuma ndani ya bomba refu: nyepesi hufika mwisho kwanza, nzito hufuata, na muda wa kila moja hutaja uzito wake. Leza husogea hadi nukta ya pili, ya tatu, na kuendelea kwa maelfu. Mwishoni unaiomba kompyuta: nionyeshe ulipo uzito huu. Inakuchorea. Hakuna rangi iliyotiwa, wala hukulazimika kujua mapema unachokitafuta.

Faida yake hospitalini si hadithi. Mwaka 2015, kundi la watafiti akiwemo Brendan Prideaux na Véronique Dartois lilichapisha picha za namna hii kutoka kwenye vipande vya mapafu ya wagonjwa wa kifua kikuu waliofanyiwa upasuaji. Zilionyesha kwamba rifampisini na pirazinamidi hupenya hadi kwenye kile kiini kilichokufa, kinachofanana na jibini, ambamo bakteria hujificha; moksifloksasini, ambayo kwa vipimo vya damu inaonekana dawa kali, haipenyi vyema humo. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake kila asubuhi ana haki ya dawa inayofika.

Kwa nini mimea?

Leza ikipigwa moja kwa moja kwenye protini, protini huungua. Hilo ndilo lililowakwamisha wanakemia kwa miaka mingi. Mwaka 1985, Michael Karas na Franz Hillenkamp wa Ujerumani waligundua kwamba kitu kisichofyonza mwanga kinaweza kurushwa salama kikichanganywa na kingine kinachoufyonza. Ni kama kiazi unachokizika kwenye majivu ya moto: majivu yanaupokea ukali, kiazi kinaiva bila kuwa mkaa. Mwaka 1988 walitumia asidi ya nikotiniki, ambayo wewe unaifahamu kama vitamini B3, wakazirusha protini kubwa zikiwa nzima.

Japani, Koichi Tanaka wa kampuni ya Shimadzu alifika huko kwa njia yake. Alikosea akachanganya gliserini na unga laini wa kobalti, akaona uchoyo kuutupa, akaujaribu hivyo hivyo. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia akiwa mhandisi asiye na shahada ya uzamifu. Wajerumani wale hawakupewa, ingawa mbinu inayotumika duniani leo ni yao zaidi kuliko yake, na manung'uniko yalisikika. Nami naungana na walionung'unika.

Mlango wa mimea ulifunguliwa mwaka 1989. Ronald Beavis na Brian Chait, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kwamba asidi tatu za jamii ya sinamiki, yaani ya kafeiki, ya feruliki na ya sinapiniki, zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko zilizotangulia. Zote tatu hutengenezwa na mimea. Ya sinapiniki bado iko kwenye rafu za maabara hadi leo kwa ajili ya protini kubwa.

Sababu yake inapendeza. Mmea hauwezi kuhamia kivulini. Jua la adhuhuri likiupiga, hauna mahali pa kukimbilia, hivyo hujitengenezea kemikali zenye umbo la pete zinazonasa miale ya urujuanimno kabla haijafika kwenye vinasaba na kuviharibu. Asidi za jamii ya sinamiki na flavonoidi ndizo askari wa kazi hiyo. Leza za mashine tunazozizungumzia hupiga kwa urefu wa mawimbi wa nanomita 337 au 355, na huo nao ni urujuanimno. Kwa hiyo kile kile kinachoikinga ngozi ya jani dhidi ya jua ndicho kinachoipokea leza badala ya protini. Zaidi ya hapo, asidi hizi hutoa protoni kwa wepesi, na molekuli iliyopokea protoni inapata ile chaji inayoiwezesha kukimbia ndani ya bomba. Kunasa mwanga na kutoa protoni: matriksi haihitaji sana zaidi ya hayo.

Ukitaka kujua mimea inayolazimika kujikinga sana, panda kutoka Kimilili kuelekea Kapsokwony na uendelee juu. Tuko karibu na ikweta, ambako jua huwa karibu utosini mwaka mzima, na kila unapopanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kilele cha Elgon, Wagagai, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Watu wa mbali wanaujua mlima huu kwa pango la Kitum na ndovu wanaochimba chumvi gizani. Mimea yake haijapata umaarufu huo, na sidhani kama ni haki.

Nisiwapake asali mdomoni, hata hivyo. Matriksi inayotumika sana leo, asidi ya alfa-siano ya jamii hiyo hiyo ya sinamiki, iliyoingia kazini mwaka 1992, ni ya kutengenezwa. Wanakemia walichukua umbo la asili wakalibadilisha. Na matriksi ya mmea ina kasoro moja kubwa ukiielekeza kwenye mmea. Ukipuliza asidi ya kafeiki juu ya punje ya kahawa, utajuaje ipi ni yako na ipi ni ya kahawa? Baadhi ya watafiti waliamua kuiacha matriksi kabisa. Mwaka 2009, timu ya Dirk Hölscher huko Jena, Ujerumani, ilipiga leza tupu kwenye majani ya mimea ya jenasi ya Hypericum, na kemikali za majani yenyewe zikaupokea mwanga. Ndugu wa mimea hiyo, Hypericum revolutum, mwenye maua makubwa ya manjano, huota kwenye ukanda wa vichaka vya milima yetu mirefu, juu ya msitu.

Tendwet

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mti ambao Wakalenjin wengi huuita tendwet, Waluhya mwiritsa na Wakikuyu muiri, kitaalamu ni Prunus africana. Huota kwenye misitu ya milimani ya Afrika, Elgon ukiwemo. Gome lake ni jeusi, limepasukapasuka kwa miraba, na jani ukilisugua linatoa harufu ya lozi chungu. Waganga wa jadi wamelitumia gome hilo tangu zamani. Mwaka 1966, Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa iliyotokana na gome la mti huu kwa ajili ya wanaume wenye uvimbe wa tezi dume usio wa saratani, wale wanaoamka usiku mara kwa mara kwenda msalani. Uhakiki wa Cochrane uliokusanya majaribio 18 ulikuta kwamba dawa hiyo huleta nafuu ya wastani.

Nafuu ya wazee wa Ulaya iliugharimu mti. Kamerun, Madagaska, Kenya na Kongo zilipeleka magome nje kwa tani, na mti ukivuliwa gome pande zote hufa ukiwa umesimama. Tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha Pili.

Sasa tazama kilichomo ndani ya gome hilo. Kuna steroli, kuna triterpini kama asidi ya ursoliki, na kuna esta za asidi ya feruliki. Feruliki ile ile ya Beavis na Chait. Mti uliokatwa Elgon kwa ajili ya tezi dume umebeba ndani yake jamaa wa matriksi iliyoubadilisha uchunguzi wa protini. Lakini mimi sioni faida ya kuukata tena kwa ajili ya leza. Ninachokitaka ni kinyume: leza ielekezwe kwenye mti. Esta hizo zimekaa tabaka lipi la gome, la nje lililokufa au la ndani linalopitisha chakula? Mti mchanga unazo? Tawi dogo je, au jani, ambalo likichumwa hukua tena? Ukisaga gome lote huwezi kulijibu swali la tabaka, ila kipande kimoja chembamba na siku moja ya mashine vinaweza. Na jibu likiwa jani, panga halitakuwa na sababu ya kugusa shina.

Maarifa ya kuanzia yapo. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno walichapisha orodha ya mimea ya dawa inayotumiwa na Wasabaoti, wenyeji wa mlima huu, waliyoikusanya huko Kopsiro, jirani kabisa na Kapsokwony. Mimea hiyo ilizidi mia moja. Kila mmoja una sehemu inayotumika, mzizi au gome au jani, na mganga aliyechagua mzizi badala ya jani alikuwa tayari ameshachora ramani yake kichwani.

Muhogo na kahawa

Kwa muhogo jambo hili limeshafanyika, ila mbali na hapa. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walichapisha picha za masi za kiazi cha muhogo kilichogandishwa na kukatwa. Walitumia mbinu ya dada, inayopuliza matone yenye umeme badala ya leza na isiyohitaji matriksi. Ramani yao ilionyesha kwamba glukosidi zinazozaa sianidi zimejazana kwenye tabaka za nje kabisa. Bibi yeyote wa Bungoma au Busia angewaambia wamenye kwanza. Lakini picha ilifichua pia kitu ambacho bibi hakukijua: jamaa wa sumu hiyo wenye sukari mbili na tatu, ambao hawakutarajiwa humo. Anayezalisha mbegu mpya ya muhogo anahitaji kujua hayo.

Kahawa nayo. Punje mbichi ya arabika ina asidi za klorojeniki, ambazo ni kafeiki iliyoungana na asidi nyingine, kati ya asilimia 5 na 8 ya uzito wake mkavu. Mwaka 2016 watafiti wa Brazil na Canada walichora ramani ya asidi hizo pamoja na sukari ndani ya punje. Mkulima wa Chesikaki au Kapsokwony anayepeleka matunda mekundu kiwandani anajua kwamba kahawa iliyokauka vibaya hushuka daraja na bei, ila hakuna anayemwonyesha kilichobadilika ndani ya punje yake.

Pesa ziko wapi?

Si kwenye unga. Kioo kimoja hutumia miligramu chache za matriksi, pengine makumi yake. Kwesetini ya maganda ya soko moja la kijijini ingetosha maabara nyingi kwa muda mrefu sana, na ile ya chupa haiadimiki. Akija mtu Kapsokwony akiwaambia wakulima wapande kitu fulani kwa sababu wazungu wanakihitaji kwa mashine ya leza, mfukuzeni kwa upole. Mlima huu umeshaona ahadi za mazao ya miujiza za kutosha.

Thamani iko kwa anayeisoma picha. Tunao ushahidi wa karibu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimetumia spektromita za masi kwa miaka mingi kusoma harufu za wadudu na mimea. Mbinu yao ya Vuta-Sukuma, ambayo Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuijaribu, hupanda desmodiamu katikati ya mahindi na kulikandamiza gugu la striga linalowatesa wakulima wa magharibi. Mwaka 2010 watafiti walitaja kemikali moja ya mizizi ya desmodiamu inayohusika, isoschaftosidi. Nayo ni flavonoidi, jamaa wa kwesetini ya mtaroni. Wakulima hawakuuza hata gramu moja ya isoschaftosidi. Walichopata ni mahindi.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo vikuu vya ukanda huu, Kibabii, Masinde Muliro, Maseno na Eldoret, ni kwamba viache kila kimoja kuota maabara yake kamili. Vinunue kwa pamoja mashine moja ya kukatia sampuli zilizogandishwa na kifaa cha kupulizia matriksi. Hivyo havifikii hata karibu na bei ya spektromita. Kipande kikiandaliwa Bungoma na Mkenya anayejua gome lilitoka mti upi na lilichunwa msimu gani, kinaweza kusafirishwa kwenye barafu kavu hadi penye leza, naye akaenda nacho. Akirudi na picha, jina lake litakuwa kwenye makala ya kisayansi, na mlima wake pia.

Kaunti ya Bungoma nayo ina kazi yake. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitaka serikali za kaunti zitunze rejista ya maarifa ya jamii zao. Kilichoandikwa kwenye rejista kinaweza kutetewa. Kilichobaki kichwani mwa mzee wa Kopsiro kinazikwa naye, au kinasajiliwa na mwingine.

Nawe msomaji wa Kapsokwony, Kaptama au Cheptais, akifika kwako mtafiti na mfuko wa kukusanyia majani na magome, mkaribishe chai, kisha umwombe karatasi mbili: leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kuchukua rasilimali za kijenetiki, ambacho hakitolewi bila ridhaa ya jamii. Kama hana, amalize chai yake na arudi akiwa nazo.